Kabla hujanirushia grafu ya Android, iPhone au Windows, nijibu kwanza: asilimia ya nini?

#1 Mleta uzi

Wakuu, amani kwenu.

Juzi jioni vijana wawili nusura washikane mashati kwenye benchi la duka langu hapa Mwanza. Natengeneza simu na kompyuta, kwa hiyo benchi hilo limeshaona mengi, lakini hili lilinichekesha. Wa kwanza kashika simu anaonyesha grafu: Android inaongoza dunia nzima, iPhone inafuata kwa mbali. Wa pili naye kashika yake, ana maelezo mengine: Apple ndiyo inayoondoka na faida kubwa kuliko wote kwenye biashara ya simu. "Umeokota wapi hiyo?" "Na wewe umelipwa na nani?" Mimi niko katikati, bisibisi mkononi, simu ya mteja imefumuliwa mezani.

Kilichonichekesha ni kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Mmoja alihesabu simu, mwenzake alihesabu hela. Ni sawa na mashabiki wawili wanaogombania nani kashinda jana, mmoja anataja mabao, mwingine anataja mapato ya getini.

Ubishi wenyewe ni mkongwe. Aprili 2007, iPhone haijaanza hata kuuzwa, Steve Ballmer wa Microsoft aliliambia gazeti la USA Today kwamba simu hiyo haina nafasi yoyote ya kupata sehemu ya maana ya soko. Anachekwa mpaka leo. Wengi wanaomcheka hawakusoma alichoendelea kusema. Alitaja simu bilioni 1.3 zinazouzwa, akasema afadhali programu yake iwe kwenye asilimia 60, 70 au 80 ya simu hizo kuliko kuwa na 2 au 3, ambazo ndizo Apple ingeweza kupata. Sasa rudi nyuma miezi mitatu, Januari 2007, siku Steve Jobs wa Apple anaizindua. Jobs mwenyewe aliweka lengo la asilimia 1 ya soko kwa mwaka 2008, yaani simu milioni 10. Moja! Ballmer alimkadiria mshindani wake juu kuliko mshindani alivyojikadiria hadharani, na bado ndiye anayechekwa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kwenye simu, kama ilivyokuwa kwenye kompyuta, mwenye idadi ndiye mshindi. (Na kwamba hiyo idadi ingekuwa ya kwake. Windows kwenye simu iko wapi leo?)

Swali langu kwenye uzi huu ni moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: asilimia ya nini?

#2

Nimekaa siti ya mbele, kahawa na kashata viko pembeni. Shusha vitu mkuu.

#3

Mleta uzi chawa wa Apple tu huyu, anazunguka mbuyu. Android iko juu, mjadala umefungwa. Nenda stendi, nenda sokoni, nenda harusini: Tecno, Infinix, Itel. Hizo iPhone mnazoziona mitandaoni nyingi ni mtumba, zimeshatoka jasho la Mmarekani.

#4 Mleta uzi

Mkuu, ninayoandikia hapa ni Infinix yenye ufa wa pembeni, kwa hiyo uchawa tuuweke kando. Na kwa mtaani nakuunga mkono. Daftari langu la duka la mwezi huu ni Android ukurasa mzima, iPhone mbili tu. Sihitaji grafu ya mzungu kuniambia nani anaongoza Mwanza.

Lakini umetaja vitu viwili vizuri bila kujua.

Kwanza, Tecno, Infinix na Itel ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni Transsion ya Shenzhen, China, kampuni iliyojenga jina lake Afrika kabla ya kujaribu kwingine. Ukihesabu kila chapa peke yake, picha inakuwa moja. Ukiwakusanya watoto chini ya mama yao, Samsung anajikuta amepitwa. Halafu kuna viswaswadu. Hesabu ya "simu" inakuwa na viswaswadu ndani, hesabu ya "simu janja" haina. Barani kwetu hapo tofauti si ya kuokoteza.

Pili, mtumba. Kampuni kama IDC na Counterpoint zinahesabu simu mpya zilizotoka kiwandani kwenda sokoni. iPhone ya mtumba inayouzwa Kariakoo leo ilihesabiwa zamani, Marekani au Dubai, siku ilipokuwa mpya. Kwenye hesabu ya mauzo ya Tanzania haimo. Ila mwenye nayo akifungua tovuti jioni hii, anaonekana ni mtumiaji wa iPhone Tanzania. Simu ni moja hiyo hiyo, kipimo kimoja hakiioni, kingine kinaiona. Hapo wawili wanaweza kutukanana hadi alfajiri na kila mmoja ana ushahidi.

Na hata "kuuza" kwenyewe kuna mitego. Mwanzoni mwa 2011 Samsung ilitangaza kwamba tableti zake za Galaxy Tab milioni 2 zimeshatoka. Wachambuzi walipobana ikaeleweka kwamba hizo ni zilizopelekwa kwa kampuni za simu na maduka, si zilizofika mikononi mwa wateja. Ofisa wa Samsung akaulizwa je, mauzo kwa wateja yakoje? Waandishi wakasikia kwa Kiingereza amesema ni madogo, "small". Dunia nzima ikaandika. Baadaye waliposikiliza tena sauti, kumbe alisema yanakwenda kwa ulaini, "smooth". Herufi chache tu, na mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wameshachinjana.

#5

Niko Nairobi. Huku pia ukitoa mulika mwizi kwenye hesabu mambo yanageuka kabisa. Lakini swali langu fundi: hizi grafu za StatCounter ambazo kila mtu anabandika, huyo anayehesabu anahesabu vipi? Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa natumia nini.

#6 Mleta uzi

Karibu sana jirani. Hili ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo nivumilieni, ni refu.

StatCounter ni kampuni ya Ireland. Wenye tovuti zaidi ya milioni moja duniani wameweka kipande chake cha programu kwenye kurasa zao. Ukifungua ukurasa mmojawapo unahesabiwa. Ukifungua kurasa hamsini, umehesabiwa mara hamsini. Kwa hiyo inahesabu kurasa zilizofunguliwa, haihesabu watu, wala haihesabu mashine. Kijana asiyelala anayepekua mtandao usiku kucha ana uzito kuliko mama yangu anayefungua habari mara moja kwa wiki.

Kulikuwa na wapinzani wao Marekani, Net Applications. Hawa walihesabu wageni, halafu wakafanya jambo la ziada: walizipa nchi uzito kufuatana na idadi ya watumiaji wa intaneti wa nchi husika. Kama tovuti zao zilipata wageni wachache kutoka China, basi kila Mchina mmoja alibeba wenzake wengi mgongoni.

Sasa angalieni kilichotokea Mei 2012. Kwa wiki ya tarehe 14 hadi 20, StatCounter ikasema Chrome, kivinjari cha Google, imeipita Internet Explorer ya Microsoft kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima: 32.76 kwa 31.94. Shangwe! Mwezi huo huo, ukifungua kwa Net Applications, Internet Explorer ina zaidi ya nusu ya dunia na Chrome haijafika hata robo. Sayari ni moja, mwezi ni mmoja. Microsoft ilikuwa imeshaikosoa StatCounter kabla ya hapo: kwamba haizipi nchi uzito, na kwamba Chrome ilikuwa na tabia ya kufungua kurasa kimyakimya kabla mtu hajazibonyeza, ili zikihitajika ziwe tayari, na kurasa hizo zinahesabiwa. Hoja hiyo ya pili ilikuwa na ukweli, na StatCounter ikarekebisha. Ila niambieni, Microsoft ingeandika ukosoaji huo kama namba zingekuwa upande wake? Kila mtu na mganga wake.

Miaka mitano baadaye ikaja nyingine. Machi 2017 StatCounter ikatoa namba: Android 37.93, Windows 37.91. Tofauti ni 0.02! Vichwa vya habari vikasema Windows imeng'olewa kitini. Lakini hiyo ni ukichanganya simu, tableti na kompyuta kwenye kapu moja. Kwenye kompyuta peke yake Windows ilikuwa bado juu ya 80. Aliyeandika "Windows imekufa" na aliyeandika "Windows haishikiki" wote walinakili taarifa moja.

Na bado sijafika kwenye uongo wenyewe. Kivinjari kikibisha hodi kwenye tovuti hujitambulisha kwa mstari wa maandishi: mimi ni fulani, natumia mfumo fulani. Wanaohesabu wanausoma mstari huo. Na mstari huo umejaa utani. Chrome, Firefox, Safari, wote wanaanza kwa kujiita Mozilla, desturi iliyobaki tangu miaka ya 1990, enzi ambazo usipojiita hivyo tovuti zilikunyima ukurasa mzuri. iPad tangu mfumo wake wa 2019 hujitambulisha kwa tovuti kama kompyuta ya Mac. Windows 11 inasema ni Windows 10. Na hii ndiyo naipenda zaidi: simu yako ya Android, ukiweka alama pale kwenye menyu ya Chrome pa kuomba ukurasa wa kompyuta, hujitangaza kuwa ni kompyuta yenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaoshindana na Windows.

Kwa hiyo binamu yako aliyekuwa anapambana kujaza fomu ya mkopo wa chuo kwenye simu, akaambiwa "weka ya kompyuta", usiku ule aliingia kwenye takwimu kama mtumiaji wa Linux.

#7

Umeniharibia wiki fundi. Mimi ni mtu wa Linux tangu chuo. Februari 2024 tulipofika 4.03 kwa StatCounter nilinunua soda kwa ofisi nzima. Sasa unaniambia nusu yetu ni watu wanaojaza fomu kwenye Tecno?

Na mbona hamsemi kwamba kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote, tangu Novemba 2017 zinatumia Linux? Asilimia mia. Na hiyo Android mnayoipigia makofi chini yake kuna nini kama si kiini cha Linux?

#8 Mleta uzi

Nusu sijasema, usinilishe maneno. Nimesema wamo, na aliye nje hawezi kuwachambua kwa kutazama grafu.

Asilimia mia ya kompyuta 500 ni kweli tupu, ila hakuna anayejazia fomu humo. Na kwenye seva, zile kompyuta zinazohifadhi tovuti, ndiko kulikuwa na vituko vya kweli. Kampuni ya Netcraft ya Uingereza imekuwa ikihesabu programu za seva tangu miaka ya 1990, na Apache, kipenzi cha watu wa Linux, iliongoza toka 1996. Mwaka 2006 ghafla Microsoft ikapanda kwa kishindo. Watu wake wakafurahi, watu wa Linux wakaanza kutafuta mchawi. Mchawi alikuwa GoDaddy, wauza majina ya tovuti, waliohamisha zaidi ya majina milioni 3.5 kutoka Linux kwenda Windows. Majina hayo mengi hayakuwa na tovuti yoyote ndani. Viwanja vimezungushiwa uzio na kibao cha "hapauzwi", hakuna nyumba, hakuna hata choo, lakini kwenye hesabu ya mtaa kila kiwanja ni kaya.

#9

Naomba kuchangia. Nafundisha hisabati shule ya msingi, na uzi huu nitaupeleka darasani.

Watoto tunawafundisha kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Neno lenyewe ni asilimia. Maana yake asili ni mia. Waswahili waliweka asili mbele kabisa ya neno, ndiyo ya kwanza kutamkwa, halafu mtu mzima anabishana usiku kucha juu ya kiasi na hajawahi kuuliza asili imetoka wapi. Mwanafunzi wangu akiniandikia 3 bila kuonyesha ni 3 ya ngapi, namkata maksi.

#10 Mleta uzi

Mwalimu, umenimaliza. Miaka yote nalitamka hilo neno sijaliona.

Basi pokea mfano wa asili iliyobishaniwa mpaka mahakamani. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, iliyofunguliwa 1998, moja ya maswali makubwa lilikuwa: soko ni lipi? Jaji Thomas Penfield Jackson, kwenye uamuzi wake wa Novemba 5, 1999 kuhusu ukweli wa mambo, alisema soko ni la mifumo endeshi ya kompyuta zenye chipu za aina ya Intel. Humo Microsoft ilikuwa na angalau 95. Mac, ambayo wakati ule haikutumia chipu hizo, ikaachwa nje ya mlango. Akaongeza kwamba hata ukiiingiza, Microsoft bado ingebaki juu sana ya 80. Yaani jaji alifanya kile ambacho wabishi wa mitandaoni hawafanyi: alitaja asili yake, halafu akaonyesha hesabu inakuwaje ukiibadilisha.

Na utamu ni huu: Microsoft hiyo hiyo ambayo sokoni inapenda kuonekana tembo, pale kizimbani ilijieleza kama sungura aliyezungukwa na mbwa.

#11

Mnaongea namba tu. Vipi upendeleo wenyewe? Tovuti nyingi za teknolojia zimenunuliwa na Apple, hili liko wazi kama jua.

#12

Zimenunuliwa na Microsoft. Kila siku matangazo yao yamejaa.

#13 Mleta uzi

Mnaona nyinyi wawili? Mmesoma tovuti zile zile.

Mimi simlaumu sana shabiki, nalaumu zaidi wanaomlisha. Uingereza walishawakamata wote wawili. Mwaka 2003 Apple ilitangaza kwenye televisheni kwamba Power Mac G5 ndiyo kompyuta binafsi yenye kasi kuliko zote duniani. Watazamaji wanane tu walilalamika, mamlaka ikachunguza, tangazo likapigwa marufuku. Wanane! Mwaka uliofuata, 2004, ikawa zamu ya Microsoft. Tangazo lao lilidai Linux inaweza kugharimu mara kumi ya Windows. Ukichimba unakuta waliiweka Linux kwenye kompyuta kubwa ya IBM, yale makabati ya benki, na Windows kwenye seva ya kawaida ya chipu mbili za Intel. Ni kama kusema mchele wa Kyela ni ghali kuliko wa Mbarali, kumbe wa Kyela umeupandisha ndege. Nao wakaambiwa waliondoe.

Ila ushabiki una raha yake, tusidanganyane. Agosti 1997, Boston, Jobs amerudi Apple ikiwa hoi, anatangaza kwamba Microsoft inawekeza dola milioni 150 kwao. Uso wa Bill Gates ukajitokeza kwenye skrini kubwa, ukumbi ukazomea. Waliokuwa wanazomea ndio waliokuwa wanaokolewa. Jobs ikabidi awaambie waachane na wazo kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe.

#14

Nilikuwa na kafe ya intaneti Arusha enzi hizo, mashine kumi. Nina swali dogo. Sisi wa kafe tulihesabiwaje? Mashine zote zilitoka nje kwa anwani moja, na zote zilikuwa na Deep Freeze, ukizima ukawasha kila kitu kinafutika.

#15 Mleta uzi

Swali lako si dogo hata kidogo kaka.

Anayehesabu kwa anwani aliona kafe yako yote kama mtu mmoja. Anayehesabu kwa alama iliyoachwa ndani ya kivinjari alipoteza alama hiyo kila ulipowasha upya, kwa hiyo mashine kumi kwa siku thelathini zinaweza kuonekana wageni mia tatu. Mmoja au mia tatu, chagua unayempenda.

Na usidhani ni mambo ya kale. Steam, duka la michezo ya kompyuta la Valve, huwa linachunguza kila mwezi wachezaji wanatumia mashine gani. Kuelekea mwisho wa 2017 Windows 7 ikafufuka ghafla na Kichina kikawa lugha ya zaidi ya nusu ya waliopimwa. Watu wakaandika makala ndefu za kwa nini wachezaji wanaikimbia Windows 10. Mwaka 2018 Valve ikakiri: ni kafe za Asia. Mashine moja, wateja kibao wanaingia kwa zamu kila mmoja na akaunti yake, na mashine hiyo inahesabiwa tena na tena. Wakarekebisha, na ule ufufuo wa Windows 7 ukayeyuka.

Hapo tumeacha Windows za kuchakachua. Microsoft ikitangaza leseni ilizouza, hizo hazimo. StatCounter inaziona zote. Na kuna kinyume chake: wakati wa Windows Vista, mwenye leseni ya toleo la biashara aliruhusiwa kurudi Windows XP ya zamani. Kwenye mauzo ni Vista, kwenye meza ni XP.

#16

Mleta uzi hujawahi kupigwa na hizi namba mwenyewe?

#17 Mleta uzi

Nimepigwa vizuri sana. Mwaka mmoja nilisoma kwamba mauzo ya simu za chaji ya Type-C yamepanda sana, nikajaza kabati vifaa vyake, za zamani nikaacha kuleta. Sikujiuliza ni mauzo ya simu mpya. Wateja wangu wana simu za miaka minne, mitano. Miezi ile kila anayeingia anaulizia tundu la kuchajia la zamani, namwambia limeisha, anavuka barabara kwa jirani. Grafu ilikuwa sahihi. Ilikuwa inaniambia habari za wateja wangu wa miaka mitatu mbele.

Ndiyo maana siku hizi naamini daftari langu. Android ukurasa mzima, iPhone mbili.

#18 (yule mwalimu wa #9)

Fundi, samahani. Daftari lako linaandika simu gani?

#19 Mleta uzi

Zinazoletwa dukani mwalimu. Kila moja naandika aina, tatizo, na bei.

#20 (mwalimu)

Yaani zilizoharibika.

#21 (yule wa #3)

Zilizoharibika, tena za Mwanza, tena zilizokuja kwake na hazikwenda kwa jirani. Na wenye iPhone wanapeleka kwa mafundi wao wa iPhone. Hahahaha! Asilimia ya nini fundi?

#22 Mleta uzi

Nimeshikwa. Mwalimu nikate maksi. Nafunga duka, tuonane kesho.